MUUZA BARAFU WA HANGZHOU

Na Mweka Hazina wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Methali hii tumeiimba tangu tukiwa shule ya msingi mpaka imechujuka kama leso kuukuu. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kukiona hicho kibaba kikijaa? Katika makala haya nanuia kukusimulia habari za mtu aliyekijaza hadi kikafurika. Naye si mwingine ila Bwana Zong Qinghou wa nchi ya China, aliyeanza kwa kuwauzia watoto wa shule barafu na madaftari, akaishia kuwa tajiri nambari moja wa taifa lenye watu zaidi ya bilioni moja. Hakuchimba mafuta wala dhahabu. Kilichomtajirisha ni vichupa vya maziwa, maji na soda!

Nimemchagua huyu kwa sababu mbili. Kwanza, biashara yake ilizaliwa katika duka la shule, mahali ambapo kila mmoja wetu anapajua. Pili, kuna wenzetu wengi ambao wamejiaminisha kuwa ukikosa alama za kwenda chuo kikuu, basi maisha yamekwisha, ukalale. Wengine nao, kinyume chake, husema ati shule ni kupoteza wakati kwa kuwa matajiri wengi hawakusoma. Nadhani maisha ya Zong yanayajibu makundi haya yote mawili. Hebu tuanze.

ASILI NA MAKUZI

Zong Qinghou alizaliwa mwaka 1945. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mji wa Hangzhou, mkoa wa Zhejiang, mashariki ya China. Nyumba yao ilikuwa ya watoto watano na yeye ndiye kifungua mimba. Pesa zilikuwa haba. Alipomaliza miaka tisa ya masomo, yaani sawa na mwanafunzi wa Gredi ya 9 hapa kwetu, masomo yake yalikomea hapo.

Mwaka 1963 alikwenda visiwa vya Zhoushan kufanya kazi katika shamba la chumvi. Wewe uliyewahi kufika Gongoni au Ngomeni kule pwani unajua kazi ya chumvi ilivyo: jua utosini, maji ya chumvi miguuni. Baadaye alihamishiwa shamba la chai huko Shaoxing. Kwa jumla alikaa mashambani miaka 15. Ujana wake wote uliishia huko, akichimba, akibeba, akipanda. Wakati huo China haikuruhusu mtu kuwa na kampuni yake binafsi, kwa hivyo hata angekuwa na ndoto ya biashara, angeiota kimyakimya.

Mwaka 1978 mama yake alistaafu. Kulikuwa na utaratibu kwamba mzazi akistaafu, mtoto aweza kuchukua nafasi kazini. Zong akarudi mjini. Lakini kumbe, kwa kuwa elimu yake ilikuwa ndogo, hakuweza kupewa darasa afundishe kama mama. Alipewa kazi katika kiwanda kidogo cha maboksi kilichomilikiwa na shule. Alikuwa na umri wa miaka 33. Hapo, msomaji, wengi wetu tungemtazama na kusema, "Huyu naye basi tena."

KANTINI YA SHULE

Mwaka 1987, Zong akiwa na miaka 42, idara ya elimu ya wilaya ya Shangcheng mjini Hangzhou ilitafuta mtu wa kuliendesha duka lake lililokuwa likiuza vitu kwa shule. Zong alijitokeza. Akapewa wasaidizi wawili, wote walimu waliokwisha kustaafu, na mkopo wa yuan 140,000. Kwa kiwango cha wakati huo hizo zilikuwa karibu dola 38,000 za Marekani. Usione ni pesa nyingi. Ulikuwa mkopo, na mkopo hurudishwa.

Waliuza nini? Madaftari, kalamu, soda na barafu za kijiti. Zong mwenyewe alipanda baiskeli ya magurudumu matatu, akapakia mzigo, akawa anazunguka shule baada ya shule, mvua inyeshe au jua liwake. Faida ya barafu moja ilikuwa sehemu ndogo tu ya senti ya Kichina. Ndiyo, sehemu ya senti! Hapa ndipo methali ya kibaba inapopata maana. Tuseme wewe unapata faida ya senti kumi kwa kila kipande cha mabuyu. Ukiuza vipande mia, una shilingi kumi, nawe utaona umechezewa. Lakini ukiuza vipande milioni mia moja, una shilingi milioni kumi. Hesabu ni ile ile. Kilichobadilika ni idadi ya watu uliowafikia. Zong aliielewa hesabu hii mapema, na tutaona baadaye jinsi alivyowafikia hao watu.

KINYWAJI CHA WATOTO

Duka lilipoanza kusimama, walianza kuwauzia wenye viwanda wengine dawa za kuongeza nguvu. Zong akagundua jambo. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 serikali ya China ilikuwa imeweka sheria ya mtoto mmoja kwa kila familia katika miji. Mtoto huyo mmoja alikuwa na baba, mama, babu wawili na nyanya wawili, wote wakimbembeleza. Alikula peremende na biskuti siku nzima, kisha chakula cha jioni kikaletwa, akanuna. Wazazi wakawa na wasiwasi: mtoto hali! Madukani kulikuwa na dawa za nguvu tele za watu wazima na wazee, lakini kwa watoto peke yao hapakuwa na kitu cha maana.

Zong hakujifungia chumbani akachanganya maji na sukari. Alimwendea mtaalamu wa lishe katika chuo kikuu cha udaktari cha Zhejiang, na wakatengeneza kinywaji kwa vitu ambavyo Wachina wamevitumia tangu jadi, kama vile kunazi nyekundu zilizokaushwa na mbegu za yungiyungi. Mwaka 1988 kinywaji hicho kikaingia sokoni.

Jina lake ni hadithi peke yake. Watu waliombwa kupitia gazeti wapendekeze jina, na lililochaguliwa likawa Wahaha. Limetoka katika wimbo wa watoto unaojulikana kote China. Sikiliza mwenyewe: wa-ha-ha. Ni kicheko cha mtoto! Hata wewe usiyejua Kichina umekisikia. Mtoto wa miaka miwili aweza kulitamka bila kufundishwa, na akishaweza kulitamka ataweza pia kulililia dukani. Kiwanda kilishindwa kutosheleza wateja. Wenye maduka walipanga foleni langoni wakiwa na pesa mkononi.

SAMAKI MDOGO AMMEZA PAPA

Mwaka 1991 likatokea jambo lililowashangaza watu wa Hangzhou. Kulikuwa na kiwanda kikubwa cha serikali cha vyakula vya mikebe, chenye wafanyakazi zaidi ya 2,000, lakini kilikuwa kimezama katika madeni na bidhaa zake zilikuwa zimejaa maghalani bila wanunuzi. Wahaha, yenye wafanyakazi zaidi kidogo ya mia moja, ilikichukua kwa yuan milioni 80. Wafanyakazi wa kile kiwanda waliona fedheha: inakuwaje sisi wa serikali tumezwe na kampuni ya kantini? Lakini Zong alikuwa akihitaji mashine, nafasi na mikono, na wao walikuwa navyo vyote. Walichokosa ni kitu cha kutengeneza ambacho watu wanakitaka. Baada ya miezi michache tu kile kiwanda kilichokuwa kikipata hasara kilianza kupata faida.

Mwaka 1994 alifanya vivyo hivyo huko Fuling, kando ya mto Yangtze, eneo ambalo watu walikuwa wakihamishwa ili kupisha bwawa kubwa la umeme. Kuanzia hapo viwanda vya Wahaha vikaenea katika mikoa mingi. Hili lilikuwa na akili yake. Maji ni mazito, na kuyasafirisha kilomita 2,000 kunakula faida yote. Afadhali ujenge kiwanda karibu na mnywaji.

SIRI YA MTANDAO WA MADUKA

Sasa tufike penye kiini cha makala haya. Vinywaji vizuri vilitengenezwa na wengi. Kwa nini Zong akawapiku?

Ugonjwa wa biashara ya rejareja ni mkopo, na hili nalijua vizuri. Mama yangu ana kibanda cha kuuza unga, sukari na soda, na karo yangu hutoka humo. Kuna daftari moja la kurasa 96 ambalo limejaa majina ya watu waliosema, "Andika tu, mwisho wa mwezi nitalipa." Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini niamini, hata yenye daftari hupotea! China nayo ilikuwa hivyo hivyo. Kiwanda kilimkopesha muuzaji wa jumla, naye akamkopesha wa rejareja, na mwisho wa mwaka kiwanda kilikuwa na deni kubwa kwenye karatasi na kasha tupu.

Mwaka 1994 Zong aliugeuza mpango huu juu chini. Aliwaambia mawakala wake: kila mwaka mtaweka amana kwangu, na kila mnapotaka bidhaa mtalipa kwanza. Bila pesa, lori haliondoki. Ungedhani wangemkimbia. Lakini aliwapa mambo matatu. La kwanza, amana yao ilipata riba iliyo juu kuliko ya benki. La pili, kila wakala alipewa eneo lake, na wakala mwingine hakuruhusiwa kuingia humo na kuuza kwa bei ya chini. La tatu, faida ya kila ngazi ilipangwa, kuanzia kwa wakala mkubwa hadi kwa mwenye kibanda, ili kila mtu apate chake na asiwepo wa kumuumiza mwenziwe.

Kwa njia hii vinywaji vya Wahaha vilifika mpaka vijiji ambavyo barabara zake ni za vumbi. Mwaka 1998 Zong alitoa soda yake ya kola, iitwayo Feichang Kele kwa Kichina. Marafiki walimwonya kuwa Coca-Cola na Pepsi watamsaga. Yeye hakwenda kupigana nao katika miji mikubwa. Alikwenda vijijini, ambako hao wakubwa walikuwa hawajafika, na huko akauza kwa bei nafuu kwa wakulima waliotaka soda ya kunywa harusini. Kumbe mtu mdogo aweza kumshinda jitu, mradi achague uwanja.

Nilipomsimulia mama habari hizi, nikimshauri naye aanze kudai pesa mbele, alicheka sana. Akaniambia, "Mwanangu, huyo wako alikuwa na kitu ambacho watu walikipangia foleni. Mimi nikimwambia jirani alipe kwanza, ataenda kibanda cha pili na sukari ni ile ile." Nimelifikiria neno hilo nami naona ana haki. Ukitaka kuweka masharti, sharti kwanza uwe na kitu ambacho hakipatikani kwa jirani. Wanaonakili masharti ya matajiri bila kuwa na bidhaa zao hujikuta wamekaa na unga wao peke yao.

UGOMVI NA WAFARANSA

Mwaka 1996 Zong aliingia ubia na kampuni ya Danone ya Ufaransa pamoja na kampuni moja ya fedha ya Hong Kong. Alipata mtaji wa kununulia mashine mpya. Baada ya ile kampuni ya Hong Kong kufilisika mwaka 1998, Danone ilibaki na asilimia 51 ya hisa za ubia huo. Kwa miaka kadhaa mambo yakawa shwari. Lakini Zong alikuwa akijenga viwanda vingine nje ya ubia, na vinywaji vyake vilibeba jina lile lile la Wahaha.

Mwaka 2007 bomu likalipuka. Danone ilidai kwamba jina lile ni mali ya ubia, kwa hivyo viwanda vya nje vinakiuka mkataba, na ikataka kununua asilimia 51 ya viwanda hivyo pia. Zong alisema bei ni ya chini mno na kwamba serikali haikuwahi kuidhinisha jina hilo lihamishwe. Kesi zikaenda Stockholm, Marekani na Hangzhou kwenyewe. Mnamo tarehe 30 Septemba 2009 walipatana, na Danone ikakubali kuuza hisa zake kwa upande wa Wachina.

Wengi China walimshangilia Zong kama shujaa. Mimi sisemi hivyo moja kwa moja. Mkataba ni mkataba, na yeye aliutia sahihi. Lakini yatupasa kujifunza kuwa katika biashara jina laweza kuwa na thamani kushinda mashine. Ukikubali kuligawa, uyasome maandishi madogo yaliyo chini ya ukurasa.

TAJIRI WA VIATU VYA KITAMBAA

Mwaka 2010 orodha ya Hurun, ambayo huhesabu matajiri wa China, ilimweka Zong nambari moja kwa mali ya yuan bilioni 80. Mwaka 2012 alishika tena nafasi hiyo. Hata hivyo alivaa viatu vyeusi vya kitambaa, akala katika mkahawa wa wafanyakazi na kusafiri kwa garimoshi katika behewa la watu wa kawaida. Siku nyingi za mwaka alikuwa njiani, akiingia maduka madogo kuuliza ni nini kinachouzwa na ni nini kinachokaa rafuni.

Jambo lingine wasilolijua wengi ni kwamba kampuni yenyewe haikuwa yake peke yake. Kwa kuwa ilizaliwa katika duka la wilaya, shirika la serikali ya wilaya ya Shangcheng lilikuwa na asilimia 46 ya hisa, Zong asilimia 29.4, na chama cha wafanyakazi asilimia 24.6. Mali yake nyingine ilikuwa katika viwanda vya pembeni.

Nisije nikakufanya udhani alikuwa malaika. Mwaka 2008 iliripotiwa kwamba alikuwa akichunguzwa kuhusu kodi ya mapato yake. Si kila alichogusa kiligeuka dhahabu, vilevile. Alijaribu nguo za watoto, maziwa ya unga, pombe na jumba kubwa la maduka, na hakuna kati ya hivyo kilichofua dafu kama vinywaji. Mwaka 2013 mauzo ya Wahaha yalipita yuan bilioni 78; kufikia mwaka 2017 yalikuwa yameshuka chini ya bilioni 50. Watu walianza kununua vitu kwa simu, na wazazi wapya wakaanza kuulizia sukari iliyomo kabla ya kumnunulia mtoto chochote. Mtandao wa maduka uliomfaa miaka 20 ukawa hautoshi.

KIFO NA MIRATHI

Zong alifariki tarehe 25 Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 78. Waombolezaji wa kawaida walikwenda kuweka maua langoni mwa kampuni, na vinywaji vya Wahaha vikanunuliwa kwa wingi kwa ajili ya kumkumbuka. Binti yake, Zong Fuli, aliyesoma chuo kikuu Marekani, akashika usukani mwaka huo.

Lakini kaburi halijaota nyasi, mwaka 2025 ulimwengu ukasikia kwamba watu watatu wanaojitambulisha kuwa watoto wa marehemu wamekwenda mahakamani Hong Kong kudai fungu lao, yakitajwa mabilioni ya dola. Mwezi wa Agosti mahakama iliamuru pesa za akaunti iliyogombaniwa zisiguswe, na mwezi wa Septemba Zong Fuli alijiuzulu uenyekiti. Mtu aliyejua kila duka kijijini, aliyepanga faida ya kila wakala hadi senti, aliacha nyumba yake mwenyewe ikiburutana mahakamani. Hapa kwetu pia tumeziona familia zikigawanyika kwa sababu ya shamba la ekari mbili. Mali isiyoelezwa wazi kwa maandishi, iwe ndogo au kubwa, huwa kuni za ugomvi.

TUJIFUNZE NINI?

Kwako wewe unayeogopa matokeo ya mtihani: Zong alianza akiwa na miaka 42, bila cheti cha maana, baada ya miaka 15 ya chumvi na chai. Mlango mmoja ukifungwa hufunguka mwingine, lakini sharti uwe unatembea ndipo uuone.

Kwako wewe unayesema shule haina faida: rudi usome tena habari za kile kinywaji cha kwanza. Kilitengenezwa na nani? Na mtaalamu wa chuo kikuu! Waliomsaidia dukani walikuwa nani? Walimu! Na alipopata pesa, binti yake alimpeleka wapi? Shuleni! Zong aliikosa elimu, hakuidharau. Aliwatafuta wenye elimu na kuwaweka karibu naye.

Na kwetu sisi wanachama, ambao huuza gazeti hili kila mwaka ili tupate nauli ya kwenda kwenye mashindano ya mijadala: nakala zilizokopeshwa mwaka jana bado zinadaiwa, na majina ninayo. Mwaka huu ni pesa taslimu. Mama yangu alisema huwezi kudai pesa mbele kama una kitu kile kile cha jirani, basi jirani mwenye gazeti kama letu na ajitokeze tumwone!